‘Dhana ya Ndoa’ na Mwanamke Anayedai Mirathi

Miongoni mwa istilahi za sheria ambazo zimepokewa na wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali bila ya kuhojiwa, hatuioni inayostahili kuhojiwa zaidi kuliko ‘dhana ya ndoa’. Istilahi hii hutumika kutaja kanuni iliyomo katika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Imekwisha kuzoeleka mno. Imo katika vijitabu vya msaada wa sheria, imo vinywani mwa mawakili, na mwalimu wa Uraia akiulizwa na wanafunzi wake ataitaja pasipo kusita. Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba istilahi hii, pamoja na maneno machache yanayoandamana nayo, humwelekeza msikilizaji upande usio wa sheria yenyewe. Na kwamba anayeumizwa na upotofu huo si mfasiri aliyeketi ofisini, bali ni mtu aliyesimama mbele ya hakimu akidai sehemu yake katika mali iliyoachwa na marehemu.

Jambo hili lina haraka yake. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili miaka yote, lakini mahakama za juu ziliandika hukumu zake kwa Kiingereza, na sheria zenyewe kwa sehemu kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya mwaka huo, ambayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki mahakamani. Tangu hapo, maneno ambayo zamani yalikuwa ya maelezo tu yamekuwa yakiingizwa ndani ya sheria yenyewe. Neno likikosewa katika kijitabu laweza kusahihishwa katika chapa ya pili. Likikosewa ndani ya sheria, hukumu zitalichukua, na hukumu nyingine zitazifuata hizo.

Tuweke mbele yetu mfano mmoja. Ni wa kubuni, wala haumhusu mtu ye yote, lakini tunaamini kwamba aliyewahi kukaa barazani akisikiliza mashauri ya mirathi katika mji wa Tarime hatauona kuwa mgeni. Mzee mmoja wa Kikurya amefariki. Kijijini ameacha mke aliyemwoa kwa ng'ombe katika ujana wake, watoto, shamba la mihogo na migomba, na mifugo zizini. Mjini, katika kata ya Bomani, ameacha nyumba ya vyumba vinne, na ndani ya nyumba hiyo mwanamke aliyeishi naye miaka minane na kumzalia watoto wawili. Nyumba ilijengwa wakiwa pamoja, mwanamke akiuza chakula stendi na marehemu akipeleka mahindi Sirari. Matanga hayajaanuliwa, kikao cha ukoo kimekwisha kumpendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika majina ya warithi. Jina la mwanamke wa Bomani halimo. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi. Huko anaulizwa swali ambalo katika nchi ya Wakurya hutangulia mengine yote: “Mama, ng'ombe wako walipokewa na nani?”

Hana la kujibu, maana hakuna ng'ombe waliotoka. Kwa mila, shauri limekwisha. Kwa sheria, halijaanza hata kidogo.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 160, katika fungu lake la kwanza, chasema kwamba ikithibitishwa kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa muda wa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawajue kuwa ni mume na mke, basi mahakama itawachukua kuwa ni watu waliooana kihalali, mpaka aje mwenye kuonyesha kuwa sivyo. Msomaji aangalie mwendo wa kanuni hii. Mwanamke wa Bomani anao mzigo wake wa kwanza: lazima athibitishe kuishi pamoja, muda, na kujulikana. Majirani watasema, mwenye duka atasema, karatasi ya kliniki ya mtoto itasema. Akiisha kuutua mzigo huo, mzigo wa pili haumhusu tena. Ni ukoo wa marehemu ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba wawili hao hawakuoana. Mwanamke haulizwi tena swali la ng'ombe. Na hata akiulizwa, kifungu cha 41 cha Sheria hiyo hiyo kimekwisha kusema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa.

Kanuni hii basi ni kanuni ya ushahidi. Haisemi ndoa ni nini, wala haiundi aina mpya ya ndoa. Inasema ni nani atangulie kuthibitisha, na athibitishe nini, na ni lini mzigo unahama. Kila kilichomo ndani yake ni mwendo. Na sisi tumeitafsiri kwa jina lisilo na mwendo hata kidogo.

Neno ‘dhana’ lilitufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limeishi maisha mawili. Katika maisha yake ya zamani ni jamaa ya kudhani na kudhania, na harufu yake ni ya shaka. Mtu akisema, “Hiyo ni dhana yako tu,” amekwisha kukuambia kwamba huna ushahidi. Mtu mwenye dhana mbaya ni mtu anayewashuku wenzake. Katika maisha yake ya pili, yaliyoanzia vyuoni na kuenea mashuleni, ‘dhana’ ni wazo au maana ya jumla ya jambo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akikuta katika karatasi ya mtihani maneno “Eleza dhana ya ndoa”, ataandika kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa watu wawili, na kadhalika, naye atapewa alama zake zote. Hatajua kwamba ametaja istilahi ya kifungu cha 160, kwa kuwa hakuna kitu katika maneno hayo kinachoweza kumjulisha.

Hivyo msikilizaji ana njia mbili za kulielewa neno letu, na zote mbili zinampoteza. Akilishika kwa maana ya zamani, ‘dhana ya ndoa’ ni ndoa ya kudhaniwa, yaani ndoa ya mashaka, na mwanamke wa Bomani ni mtu anayedhani kuwa aliolewa. Akilishika kwa maana mpya, ni wazo la ndoa, nalo halina kazi mahakamani. Waongezapo wafasiri kwamba dhana hiyo ‘inaweza kukanushwa’, hali huzidi kuwa mbaya: kitu kilichokuwa cha kudhani tangu mwanzo sasa kinaweza kukanushwa pia. Neno la Kiingereza ‘presumption’, katika lugha ya mahakama, lina nguvu: humfunga hakimu kulichukua jambo kuwa ni kweli hadi ithibitishwe vinginevyo. Neno letu halimfungi mtu.

Itasemwa kwamba Kiswahili hakina namna nyingine. Hilo si kweli, na ushahidi uko karibu. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), ina kanuni iliyo ndugu wa hii tunayoizungumza: kwamba mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lake lithibitike. Vitabu vya wanasheria huiita kanuni hiyo ‘dhana ya kutokuwa na hatia’. Katiba yenyewe haikutumia jina hilo. Iliandikwa kwa vitenzi: mtu anatendewaje, hadi lini, na ni nini kitakachobadili hali. Mkulima akisomewa ibara hiyo huielewa papo hapo, ajue kusoma asijue. Tunasikitika kwamba wafasiri waliokuja baadaye waliona vitenzi kuwa vitu vya kawaida mno, wakatafuta nomino, kana kwamba sheria isiyo na nomino ni sheria isiyovaa viatu.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Kwa kuwa ‘dhana ya ndoa’ haielezi kitu, watu wameshika kile pekee kilicho wazi katika maelezo yake, yaani miaka miwili. Sasa husemwa kila mahali kwamba wakiishi pamoja miaka miwili ‘wameshaoana kisheria’. Miaka peke yake haitoshi. Mwanamume aliyempangia mwanamke chumba kwa siri, akawa anakwenda usiku na kutoka alfajiri, hata akifanya hivyo miaka kumi, hakujulikana na watu kuwa mume. Aidha, ikiwa mwanamume huyo alifunga ndoa ya mke mmoja, tuseme ya kanisani, na ndoa hiyo ingali hai, kifungu cha 15 kinamzuia kuoa tena, na kisichoweza kufungwa hakiwezi kuchukuliwa kuwa kilifungwa. Katika mfano wetu, hatima ya mwanamke wa Bomani inategemea sana kama yule mke wa kijijini aliolewa kimila tu, au baadaye walikwenda kanisani na mumewe wakabariki ndoa yao. Hilo ni swali la haki kabisa. Ndilo ambalo wazee wa ukoo wangepaswa kuuliza badala ya lile la ng'ombe, nasi tunaona kwamba istilahi bora ingewasaidia wao pia.

Sasa tuingie katika neno ambalo, kwa maoni yetu, limeleta madhara makubwa zaidi ingawa hakuna anayelilaumu. Sheria yataka wawili hao wawe wamejulikana na jamii kuwa mume na mke. Katika maelezo ya Kiswahili mtu hukuta kwamba ‘wamepata sifa ya kuwa mume na mke’, au ‘heshima ya mume na mke’, au ‘hadhi’ yao. Tuanze na ‘sifa’. Sifa ni lile linalosemwa na watu juu ya mtu, na kwa maana hiyo mfasiri hakukosea. Lakini katika lugha ya ofisi sifa zimekuwa ni masharti: sifa za mwombaji kazi, sifa za mgombea. Mshauri wa mahakama akisikia kwamba mdai lazima awe na ‘sifa za mke’, atazihesabu sifa hizo kama anavyozijua yeye. Je, alitolewa mahari? Je, alitambulishwa kwa ukoo? Je, alimlimia mama mkwe? Kwa njia hiyo ng'ombe, waliokuwa wametolewa mlangoni na kifungu cha 41, wamerudi ndani kwa kupitia dirisha la tafsiri. Nalo neno ‘heshima’ limeongeza lake, maana msikilizaji huuliza kama mwanamke huyo alikuwa na heshima, yaani tabia njema, kisha maisha yake yote yakamwagwa barazani. Sheria haikuuliza kama alistahili kuwa mke. Iliuliza tu watu walimjua kuwa nani.

Tutaje kwa upesi neno ‘mchango’, lililo katika kifungu cha 114 kuhusu mgawanyo wa mali ya wanandoa. Katika masikio ya wengi mchango ni fedha inayoandikwa daftarini, kama ile ya harusi au ya ujenzi wa shule. Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ni jambo la kufikirisha kwamba ilihitajika mahakama ya juu kabisa ya nchi kulipanua neno hili, hali Waswahili walikuwa nalo tayari neno ‘kuchuma’, ambalo halimtengi apikaye na auzaye.

Na yule mwanamke tumwiteje, kabla hakimu hajaamua? Hapa Kiswahili ni tajiri kupita kiasi, ila utajiri wake ni wa matusi. ‘Hawara’ na ‘kimada’ yamekwisha kumhukumu. ‘Suria’ linatoka katika utumwa na sheria yake, wala halifai. Kwa kukwepa hayo, siku hizi ofisi na mashirika hutumia ‘mwenza’, neno lililoenezwa kwa nia njema katika mafunzo ya afya. Lakini tulijaribu katika nyumba ya mitala. Mke mwenza, katika Kiswahili cha siku zote, ni yule aliyeolewa na mume mmoja nawe. Ukiandika katika taarifa ya mahakama ya Tarime kwamba ‘mwenza wa marehemu anadai’, mke wa kijijini ana haki ya kuuliza kama anayetajwa ni yeye. Na ukiandika kwamba ‘mwenza wa mjane anadai’, umekwisha kumpa mdai ushindi kabla ya shauri kusikilizwa. Tusizungumze mgombea mwenza, ambaye naye ana mambo yake.

Lipo neno la zamani lisilo na tusi wala sifa, nalo ni ‘kinyumba’. Kuishi kinyumba ni kuishi kama watu wa nyumba moja, mume na mke, bila ya msemaji kutoa hukumu kama walioana au la. Kwa nchi nyingi za Waswahili neno hili lingetosha. Tarime lataka tutue kidogo, kwa sababu huko ‘nyumba’ si kuta na bati tu.

Katika mila ya Wakurya kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo ndiyo inayomiliki: mashamba yake, ng'ombe wake, na watoto watakaorithi. Nyumba yaweza kudumu hata mume asipokuwapo. Yaweza hata kuoa. Bibi asiyejaliwa mtoto wa kiume, kwa mila iitwayo nyumba ntobhu, hutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa binti, ili binti huyo azae kwa mwanamume mwingine, na watoto wawe wa nyumba ya yule bibi na kuirithi. Magazeti yameandika mara kwa mara kwamba hii ni ‘ndoa ya jinsia moja’. Huo ni uvivu wa tafsiri. Mila hii inahusu nyumba kupata wana, na binti humchukua yule bibi kama mama mkwe. Kuiita kwa jina hilo ni kuwapa watu jambo wasilolifanya na kuwanyima lile walifanyalo.

Basi msomaji awaweke wanawake wawili pamoja. Wa kwanza aliolewa kwa nyumba ntobhu. Ng'ombe wake walitoka hadharani, wakahesabiwa, ukoo mzima ukala na kunywa. Yule bibi akifariki, na wajomba au ndugu wa marehemu mumewe wakija kudai shamba, mwanamke huyu hawezi kusimama juu ya Sheria ya Ndoa, kwa kuwa kifungu cha 9 chasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, nacho kifungu cha 160 pia chazungumzia mwanamume na mwanamke. Wa pili ni yule wetu wa Bomani. Hana hata ndama mmoja wa kuonyesha, lakini sheria iko tayari kumsikiliza. Mila inamwita wa kwanza mke, wa pili si mke. Sheria inamwona wa pili kuwa yawezekana ni mke, wa kwanza haimwoni kabisa. Na Kiswahili chetu cha mahakama kina neno moja tu kwa yote hayo, ‘mke’, na pembeni yake ‘dhana’.

Hatusemi kwamba istilahi itamaliza tofauti hiyo. Hiyo ni kazi ya Bunge na ya mahakama. Ng'ambo ya mpaka, ambako Wakurya wengine wanaishi, mahakama zimejaribu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Mombasa iliamua shauri la mirathi la watu wa kabila la Wanandi, ambao nao wana mila ya mwanamke kumwoa mwanamke. Ndugu wa marehemu walipinga, na mahakama ikamtambua mdai kuwa mrithi, ikitegemea mila yenyewe. Zamani zaidi, mwaka 1976, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Yawe ilikuwa imekubali madai ya mwanamke aliyeishi Nairobi na marehemu, raia wa Uganda, kwa miaka tisa wakazaa watoto wanne: kwamba watu walioishi hivyo muda mrefu wachukuliwe kuwa walioana, na anayekana alete ushahidi mzito. Kisha tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikaza kamba, ikasema kanuni hiyo itumike kwa nadra na kwa masharti, lakini ikakubali kwamba asiyekuwa mwanandoa aweza kupata sehemu ya mali aliyosaidia kuichuma. Katika mashauri hayo yote ubishi ulikuwa juu ya nani athibitishe nini.

Kwa upande wetu, Mahakama ya Rufani katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililochapishwa katika taarifa za hukumu za mwaka 1994, ilitumia fungu la pili la kifungu cha 160. Fungu hilo lasema kwamba hata ikithibitika kuwa wawili hao hawakuoana, mahakama yaweza kutoa amri za matunzo, malezi ya watoto na nafuu nyingine kama zile zitolewazo ndoa inapovunjwa. Na Mahakama iliona kwamba nafuu hizo ni pamoja na kugawa nyumba waliyoipata wakiishi pamoja. Lakini hapo wote wawili walikuwa hai. Kifungu cha 114 chazungumzia talaka na kutengana, hakitaji kifo. Mwanamke wa Bomani anadai kwa marehemu, na hapo lugha yataka uangalifu mkubwa zaidi, maana ana madai mawili tofauti ambayo watu huyachanganya kwa neno moja ‘mirathi’. Anaweza kudai kama mrithi, na kwa hilo lazima awe mke. Anaweza pia kudai kwamba nusu ya nyumba, au robo, au kiasi cho chote kitakachothibitika, hakikuwa cha marehemu tangu mwanzo. Ni mchumo wake yeye mwenyewe, na msimamizi hana ruhusa ya kukigawa. Dai la pili si urithi. Ni kumwambia msimamizi, “Hiki si chako kukigawa.” Makarani wengi huyaandika yote mawili chini ya ‘kudai urithi’, kisha dai la pili hufa pamoja na la kwanza.

Na isidhaniwe kwamba mke wa kijijini, mwenye ng'ombe wake kamili, ndiye anayefaidi. Kanuni za urithi za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba hazimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Riziki yake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Tanzania walizipinga kanuni hizo mahakamani bila ya kufanikiwa, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi wa kuwaunga mkono. Kwa hiyo wanawake wawili wanagombania jina la ‘mke’ mbele ya hakimu, na huku shamba linagawiwa na watu wengine.

Mapendekezo yetu ni haya. Istilahi ‘dhana ya ndoa’ iachwe katika tafsiri za sheria, na mahali pake pasitafutwe nomino nyingine. Kanuni iandikwe kwa kitenzi: ‘watahesabiwa kuwa wameoana hadi ithibitike vinginevyo’. Kichwa cha kifungu, kwa kuwa vichwa havina budi kuwa vifupi, kiwe ‘Kuhesabiwa kuwa mume na mke’. Mwenzetu mmoja alituonya kwamba kuhesabu ni kwa namba. Tulimjibu kwamba mtu aliyetengwa na jamaa zake hulalamika kuwa hawamhesabu, wala hamaanishi kwamba hawajui idadi yao. Badala ya ‘kupata sifa’, ‘heshima’ au ‘hadhi’, iandikwe ‘kujulikana na watu kuwa mume na mke’. Mdai aitwe ‘mdai’. Na pale inapobidi kumweleza, aitwe ‘mwanamke aliyeishi kinyumba na marehemu’, au ‘mwanamume’, kwa kuwa wapo pia. Neno ‘mwenza’ libakie katika mitala na katika uchaguzi. Na katika fomu za mirathi pawe na mistari miwili tofauti, mmoja wa ‘urithi’ na mmoja wa ‘mali iliyochumwa kwa pamoja’.

Tunajua pingamizi litakalokuja: kwamba ‘dhana ya ndoa’ ni fupi na imekwisha kuenea. Ni kweli kwamba imeenea. Lakini wanaoitumia bila ya taabu ni wale wanaoijua kanuni kwa Kiingereza, ambao hata tungeiandika kwa alama ya msalaba wangeielewa. Yule asiyeijua kwa Kiingereza ndiye tuliyeajiriwa kumfanyia kazi.

Kuhusu nyumba ntobhu tumeshindwa kufikia uamuzi. Baadhi yetu wanapendelea ‘ndoa ya nyumba’, wakisema kwamba ndiyo maana yake halisi. Wengine wanaona kwamba jina la Kikurya libaki lilivyo, kama yalivyobaki majina mengine ya mila, ili msomaji asidanganyike kudhani kuwa anaielewa. Walimu na watumishi walioko Tarime, Serengeti na Rorya, hasa wale wanaosikia Kikurya, tunawaomba watuandikie: mjane wa nyumba hiyo, akiwa mbele ya baraza la ukoo na hakuna mgeni anayesikiliza, hujiita nani?